Doa Jekundu Kwenye Valvu

Riruta,
3 Juni 2025

Mzee Kihara,

Natumai barua hii itakukuta salama. Hunijui. Naitwa Ivyne, nina miaka thelathini, nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi ya mawakili mjini, na Jumapili napiga gitaa kanisani hapa Riruta. Jina lako nimelipata ndani ya sanduku la amplifaya kuukuu, kwenye kikaratasi kilichogandishwa kwa gundi: "G. Kihara, Fundi wa Redio, Kirinyaga Road." Nilizunguka Kirinyaga Road siku tatu wakati wa chakula cha mchana, mpaka mzee mmoja muuza nyaya, Wambua, akaniambia, "Huyo aliwacha job kitambo. Msichana wake ako na chemist pale Adams." Ndiyo maana barua hii umeletewa na binti yako Nyawira, niliyemkuta kwenye duka lake la dawa. Ameniambia simu huisikii tena, lakini ukiandikiwa utasoma.

Amplifaya yenyewe imekwisha. Transfoma iliungua, mbao zimeliwa na mchwa, na marehemu mama yangu alikuwa akiweka sufuria juu yake. Siombi uifufue. Nataka kutengeneza kitu kidogo, pedali ya gitaa ya kuweka sakafuni na kukanyaga kwa mguu, yenye valvu moja ndani, ile taa ya kioo ya redio za zamani, ya kuipa sauti joto kabla haijaingia kwenye amplifaya. Nimetazama video mpaka macho yakauma. Wanaozitengeneza ni vijana wa ng'ambo wenye meza safi, na kila mmoja anampinga mwenzake. Mimi sijawahi kushika hata waya wa balbu. Nahitaji mtu mmoja wa kunifundisha mwanzo hadi mwisho.

Ukikubali nitashukuru. Ukikataa nitaandika tena.

Wako,
Ivyne


Loresho,
7 Juni 2025

Binti Ivyne,

Nimesoma. Mwandiko wako unasomeka, na siku hizi hilo si jambo dogo.

Jibu ni hapana. Nina miaka sabini na minane, naishi nyumba ya nyuma hapa kwa binti yangu, mikono inatetemeka na masikio yamebaki ya kupamba kichwa. Valvu ni kitu cha kioo. Inavunjika, inakula umeme, na ikichoka haikuambii. Kwenye maduka ya umeme ya Luthuli kuna pedali za Kichina zilizokwisha kutengenezwa. Nunua moja umwimbie Mungu. Hatajua tofauti.

Hukusema hiyo amplifaya ilikuwa ya nani. Nilitengeneza nyingi.

G. Kihara


Riruta,
10 Juni 2025

Mzee Kihara,

Mungu labda hatajua tofauti, lakini baba yangu atajua.

Ilikuwa yake. Anaitwa Joash Oduor. Mchana alikuwa seremala, na Ijumaa na Jumamosi alikuwa mpiga solo wa bendi moja Kawangware. Mimi sikuwahi kumsikia. Aliacha mwaka wa 1994, nami nikazaliwa mwaka uliofuata. Mama yetu, Everlyn, alituambia mkono wa baba ulikufa, na sisi watoto tukalichukua hivyo, kama vile baba wa jirani alivyokuwa na kisukari. Lakini mkono huo huo umepiga randa miaka yote hii. Umetengeneza vitanda vya nusu ya Riruta. Gitaa limetundikwa ukutani, na mimi nimejifunza kulipiga yeye akiwa kibandani kwake Naivasha Road.

Mwisho wa Agosti anarudi nyumbani Ugenya, kuishi huko kabisa. Ameniambia nitafute mtu wa kulichukua gitaa, hataki kulibeba. Sasa unaona shida yangu. Nataka alipige mara moja kabla hajaondoka, likiwa na ile sauti yake ya zamani. Akilipiga na hii sauti yetu kavu ya kanisani, atasema, "Si umeona? Mkono ulikufa," atalirudisha ukutani, na mimi nitakuwa nimemthibitishia.

Juzi nilimuuliza kwa ujanja kama anamkumbuka fundi Kihara. Alisema, "Kihara alikuwa mtu mkweli. Wengine wote walinibembeleza. Ni yeye tu aliniambia ukweli." Sijui ni ukweli gani. Lakini mtu aliyesifiwa hivyo atamnyimaje binti wa mteja wake?

Wako,
Ivyne


Loresho,
12 Juni 2025

Ivyne binti yangu,

Nimebadili nia. Usiniulize kwa nini, mzee ana ruhusa.

Tutaijenga kwa volti kumi na mbili tu. Zile video zinazopandisha umeme hadi mia mbili na zaidi, ziache kabisa. Umeme wa namna hiyo ulimrusha fundi mwenzangu mwaka wa 1981, na alikuwa na uzoefu wa miaka kumi. Kwa volti kumi na mbili sauti haitakuwa kubwa, lakini itakuwa laini, na ukikaza kidole itanenepa. Haitakuwa amplifaya ya baba yako. Itakuwa mjukuu wake.

Kazi ya valvu uielewe kabla hujashika chochote. Ndani yake mna kawaya kanakowaka, na kakipata joto, umeme unaanza kupita ndani ya kioo. Gitaa linatoa umeme mdogo sana, lakini ndilo lililoshika kifungulio cha mfereji: likigusa kidogo, maji mengi yanafuata. Hakuna uchawi mwingine.

Nunua soketi ya miguu tisa, swichi ya kukanyaga, matundu mawili ya jeki za gitaa, kisanduku cha bati, risasi ya kuchomelea, na zile rezista na kapasita nilizoandika nyuma ya mchoro niliouambatisha. Valvu usinunue. Nimeifunga kwenye pamba ndani ya kifurushi hiki. Ni ya Uholanzi, ya zamani. Baba yako usimwambie imetoka kwangu.

Je, aliacha mwezi gani hasa? Na baadaye alijaribu tena?

G. Kihara


Riruta,
29 Juni 2025

Mzee Kihara,

Kwanza habari za Luthuli. Nilipotaja soketi ya miguu tisa, kijana wa dukani aliwaita wenzake waje kunitazama. "Madam, hiyo kitu ni ya museum. Unataka kuamsha TV ya enzi ya Nyayo?" Duka la sita ndilo lilikuwa nayo, chini ya rundo la rimoti, na muuzaji akanishukuru kwa kumwondolea takataka.

Nimechoma kidole, kitambaa cha meza na kipande cha pazia. Risasi yangu inaganda kama kinyesi cha kuku. Lakini nimefuata mchoro wako mguu kwa mguu na kuuhesabu mara nne. Jana nikaingiza valvu, nikawasha. Haikuwaka. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo, sikufichi. Imebaki miezi miwili.

Kitu kingine. Kwenye kioo, karibu na miguu, kuna doa la rangi nyekundu iliyokaribia kuwa nyeusi. Lina mkia mdogo. Ni nini?

Baba aliacha Juni 1994. Mama alisimulia kwamba alijaribu wiki tano, kila Jumamosi akirudi amenyamaza, mpaka bendi ikatafuta mtu mwingine. Hakujaribu tena. Kwa nini unauliza?

Ivyne, aliyeungua


Loresho,
2 Julai 2025

Ivyne,

Futa machozi, hujaharibu kitu. Ulihesabu miguu ukiitazama soketi kwa juu, pale valvu inapoingia. Mchoro wa valvu huchorwa kwa chini, upande unaochomelea. Kila kitu umekiweka upande wa pili, kama mtu aliyevaa shati nyuma mbele. Mguu wa nne uko mahali pa sita, kwa hiyo kawaya ka joto hakajapata umeme. Kosa ni langu, ilinipasa kukuandikia. Mimi mwenyewe nililifanya nikiwa mwanafunzi, na mwalimu wangu alinipiga kofi.

Toa yote. Geuza soketi tumbo juu, anza pale penye pengo kubwa, hesabu kufuata saa. Pasha joto mguu kwanza, kisha uguse risasi, iyeyuke yenyewe. Ukiona inang'aa, imeshika. Ukiwasha, subiri nusu dakika. Usiikodolee macho, inaona haya.

Doa lilikuja nayo. Liache lilivyo.

G. Kihara


Riruta,
21 Julai 2025

Mzee Kihara,

Iliwaka. Ningependa barua hii iishie hapo.

Ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na kimwanga kidogo cha rangi ya chungwa, kisha mngurumo, nikakaza waya mmoja, mngurumo ukaisha. Nikapiga noti moja. Mzee, ilikaa. Ilivuta pumzi ndefu kisha ikanenepa mwishoni, kama ulivyosema. Niliipiga hiyo noti moja kwa saa nzima kama mtu aliyerogwa.

Jana baada ya kanisa niliomba spika ya mazoezi nikaipanga sebuleni. Baba alikuwa jikoni. Nilipoanza kupiga alikuja akasimama mlangoni na kikombe chake. Sijawahi kuuona uso wake vile. Nikadhani tumefaulu. Kisha akapiga magoti, akachungulia kwenye tundu nililokata ili mwanga uonekane, akasema, "Zima. Toa hiyo kitu."

Aliishika kwa leso akaipeleka dirishani. Akaigeuza mpaka akaona doa.

"Hii umetoa wapi?"

"Nilinunua Luthuli, baba."

"Usinidanganye, nyathina, mwanangu. Hii ni rangi ya kucha ya mama yako."

Akaniwekea mkononi, akaingia chumbani kwake. Hakula jana. Gitaa hakuligusa.

Nilikutii nikamdanganya baba yangu. Sasa niambie valvu ya mama yangu ilifikaje kwako.

Ivyne


Loresho,
24 Julai 2025

Ivyne,

Nitakuambia.

Zamani mtu akipeleka redio kwa fundi alikuwa na hofu. Fundi akiona spea nzuri anaitoa na kuweka iliyochoka, na wewe unabeba sanduku lako nyumbani ukishukuru. Kwa hiyo watu walitia spea zao alama kabla ya kuzileta, mkwaruzo wa msumari au tone la rangi. Sisi tulizichukia alama hizo, maana zilituita wezi hata kabla hatujaiba. Baba yako aliniletea amplifaya yake Mei 1994, ikinguruma. Valvu ya kwanza ilikuwa na doa jekundu. Alicheka akasema, "Kihara usikasirike, huyo ni mke wangu."

Jioni hiyo alikuja mpiga gitaa wa hoteli moja kubwa. Alikuwa na kazi saa mbili na valvu yake ilikuwa imekufa. Mimi sikuwa na nyingine. Nikatoa ya baba yako nikampa, na mahali pake nikaweka moja ya redio kuukuu, imechoka. Nilitarajia mzigo wa spea Ijumaa, nirudishe nzuri kabla hajajua. Akaja Alhamisi. Nilimwona akivuka barabara. Nikaazima rangi ya kucha kwa msichana wa duka la jirani nikaitia ile mbovu tone moja. Alipochungulia ndani ilikuwa bado mbichi. Akaona wekundu, akabeba.

Alirudi mara mbili. "Kihara, hii si sauti yangu." Mzigo ulikuwa umefika bila valvu. Ningeweza kusema. Lakini siku hizo watu walikuwa wanahamia redio za Japani na sikuwa na kitu kingine ila jina. Mara ya pili alikuja na wenzake wawili wa bendi, na wapita njia wamesimama kusikiliza. Nikaweka mita, nikajifanya napima, nikamwambia, "Sanduku ni zima, Oduor. Angalia mkono wako." Akautazama pale pale, mbele ya watu. Nauona mkono huo hadi leo.

Miaka mitatu baadaye yule wa hoteli aliniachia amplifaya yake iliyokufa, valvu ikanirudia. Nilikwenda Kawangware Jumamosi moja, nikaambiwa Oduor hapigi tena. Nikaambiwa na kibanda chake kilipo. Sikwenda. Nimehama nyumba nne nikiwa nayo kwenye pamba.

Barua yako ya kwanza niliikataa kwa uvivu tu. Ya pili niliikubali kwa woga. Niliona kwamba nikikupa valvu, sauti itarudi, baba yako atapona, na mimi sitalazimika kusema lolote. Uliponiandikia kwamba aliniita mkweli, chakula kilinishinda.

Msomee baba yako barua hii. Nakuomba.

G. Kihara


Riruta,
4 Agosti 2025

Mzee Kihara,

Sitamsomea. Nilifika hadi mlango wa kibanda chake na barua mkononi. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, akaniuliza kama nimekula. Nikarudi.

Umenituma mara mbili. Kwanza nimpelekee valvu, sasa nimpelekee maneno. Si mimi uliyeniambia mkono wangu umekufa. Mwandikie mwenyewe. Baba anajua kusoma.

Nimekukasirikia sana, na bado nakushukuru kwa kunifundisha, na sijui hivyo viwili nivipange vipi. Ameanza kufunga mizigo.

Ivyne


Loresho,
11 Agosti 2025

Bwana Joash Oduor,

Mkono wako haukuwa na kosa. Mei 1994 nilitoa valvu yako nikampa mtu mwingine. Nikaweka mbovu na kuipaka doa ili usitambue. Uliporudi nilikuambia uangalie mkono wako, nikijua nasema uongo. Pedali aliyotengeneza Ivyne ina ile valvu yako. Kazi yote aliifanya yeye mwenyewe.

Sijui kuomba msamaha wa kitu kikubwa hivi. Naomba.

Gerishon Kihara


Riruta,
25 Agosti 2025

Bwana Kihara,

Barua yako niliipata. Nimekaa wiki mbili kabla ya kujibu kwa sababu majibu ya kwanza hayakuwa ya kuandikwa.

Nusu nilikuwa nimeijua tangu ile Jumapili. Everlyn alilitia doa hilo kwa kijiti cha kiberiti, akiwa na mtoto wetu wa kwanza, Clifford, mgongoni. Mtoto alimpiga teke, rangi ikavuta mkia, tukacheka. Ile uliyonirudishia haikuwa na mkia. Sikutazama vizuri kwa sababu nilikuamini. Hilo nalibeba mimi.

Yako ni haya. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu mkono umekufa. Aliukanda kwa mafuta kila jioni kwa miaka. Alikuwa ametoka kuuza samaki wa omena siku nzima, amechoka, lakini hakulala kabla hajaukanda. Alikufa mwaka wa 2011 akiuhurumia mkono ambao haukuwa mgonjwa. Hilo siwezi kukusamehe leo. Labda mwakani. Siahidi.

Jumanne iliyopita Ivyne akiwa kazini nililishusha gitaa. Nikakanyaga hiyo swichi yake. Ilikuwa sauti yangu, Kihara, sauti yangu kabisa. Lakini vidole sasa vimekakamaa kwa randa na uzee. Noti tatu vinapata, ya nne vinachelewa. Siku ile mbele ya watu ulisema uongo, na mimi nimeishi mpaka umekuwa kweli. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha.

Ivyne anapiga vizuri kuliko anavyojua, ila anaharakisha, na kidole chake cha pete ni kivivu. Kuna mapigo ambayo sikumwonyesha mtu yeyote, na hayaandikiki, lazima mtu akae karibu ayaone. Kwa hiyo Ugenya itangoja. Mizigo nimeifungua na gitaa haliendi popote.

Jumapili ijayo njoo hapa saa nane mchana. Nyawira akulete, na yeye akae ale. Utakula kwanza, kwa maana nyumbani kwangu mtu haambiwi makosa yake akiwa na njaa. Kisha utakaa kiti cha mbele. Najua husikii. Utakaa hivyo hivyo, uitazame mikono yangu ikijaribu, mpaka mimi niseme inatosha.

Joash Oduor